Jackie Ormes aliweka kalamu chini mwaka wa 1956: ni nini hasa kilichomwondoa?

#1 | Mzawa wa Jericho

Hamjambo wanajukwaa. Nimekuwa nikimsoma Jackie Ormes, anayetambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kuishi kwa kazi ya kuchora katuni, na kuna jambo moja limenikalia kichwani. Alizaliwa mwaka wa 1911 huko Pennsylvania. Mwezi wa Mei 1937 gazeti la weusi la Pittsburgh Courier lilianza kuchapisha katuni yake ya Torchy Brown, msichana wa Mississippi anayekwenda Harlem, mtaa wa weusi huko New York, kuimba na kucheza katika ukumbi wa Cotton Club. Septemba 1945 akaanzisha Patty-Jo 'n' Ginger, katuni ya mtoto Patty-Jo na dada yake mkubwa Ginger, iliyotoka kila wiki kwa miaka 11, na mwaka wa 1950 akamrudisha Torchy akiwa mtu mzima, safari hii kwa rangi. Kisha Septemba 1956, akiwa na umri wa miaka 45 na jina lake likiwa linajulikana, akaacha. Aliishi hadi Desemba 1985 na hakuanzisha katuni nyingine gazetini.

Dai langu ni hili: FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ndiyo iliyomwondoa. Walikuwa na faili yake yenye kurasa 287, wakamhoji zaidi ya mara moja, na wakati huo Marekani ilikuwa ikiwasaka wakomunisti hadi chini ya vitanda. Kurasa 287 kwa mtu anayechora kitoto na dada yake! Mwenye maelezo bora zaidi na ayalete.

#2 | Binti Kariokor

Ahsante kwa mada, kaka, ila tarehe ulizozitaja wewe mwenyewe zinakupinga. FBI walianza kumfuatilia mwaka wa 1948. Alianzisha katuni ya rangi Agosti 1950, yaani baada ya maafisa kumjua tayari, na katika sehemu za mwisho za hadithi hiyo, mwaka wa 1954, Torchy na mpenzi wake daktari wanapambana na kiwanda cha kemikali kinachowatilia watu sumu. Hilo ni jambo ambalo magazeti makubwa ya wakati huo hayakuthubutu kuliweka katika ukurasa wa burudani.

Halafu kuna ile katuni ya Oktoba 1955. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo, Emmett Till, mvulana wa miaka 14 kutoka Chicago, alikuwa ameuawa Mississippi kwa madai kwamba alimpigia mluzi mwanamke mzungu. Ormes, ambaye naye aliishi Chicago, alimchora Patty-Jo akimwambia dada yake kwamba hapendi kuonekana mwepesi wa kuudhika, lakini lile birika jipya jeupe limempigia mluzi. Basi. Hakuna damu na hakuna jina la mtu, ila kila msomaji wa Courier alijua birika hilo linasemea kisa gani. Mtu aliyetiwa hofu na wapelelezi hachori birika hilo.

#3 | Mwalimu wa Makadara

Niongeze machache kuhusu alikotoka, kwa sababu bila hayo tutapotea. Jina alilopewa ni Zelda Mavin Jackson. Baba yake alikuwa na kiwanda kidogo cha uchapishaji na ukumbi wa sinema, akafa katika ajali ya gari mwaka wa 1917, binti akiwa bado mdogo. Alipokuwa shule ya sekondari aliandika barua kwa mhariri wa Courier, Robert Vann, akapewa kazi ya kuripoti pambano la ndondi. Baada ya hapo akawa msomaji wa prufu na mwandishi wa habari za mahakamani. Kwa hiyo alikuwa mtu wa chumba cha habari kabla ya kuwa msanii, na hili linaonekana katika kazi yake: Patty-Jo hazungumzi kama mtoto, anazungumza kama tahariri.

Pia kuna watu wanaomwita mchora vitabu vya katuni. Kazi yake ilitoka magazetini. Jaribio mashuhuri la kitabu cha katuni kilichotengenezwa na weusi wenyewe wakati huo lilikuwa la Orrin Evans mwaka wa 1947, na lilikufa baada ya toleo moja kwa sababu wauza karatasi walikataa kumuuzia. Jambo hilo halikumzuia Ormes kuingizwa katika orodha ya heshima ya Tuzo za Eisner mwaka wa 2018, ambayo ni ya watu wa katuni za kila aina.

#4 | Wino Mweusi

Mimi nachora kwa riziki, vitabu vya watoto na mabango ya kampeni za afya, kwa hiyo nitazungumzia kitu ambacho ninyi wasomaji wa mafaili hamkioni: mkono.

Ormes aliugua baridi yabisi, ule ugonjwa unaovimbisha viungo vya vidole na kifundo cha mkono. Tazameni mstari wake katika nguo za Ginger. Mshono wa sketi unaanza mwembamba kiunoni, unanenepa kwenye paja, unakuwa mwembamba tena kwenye pindo, na yote hayo ni pigo moja la kalamu bila kuinua mkono. Mstari huo hauchorwi na mkono unaouma. Mimi asubuhi za baridi ya Julai vidole hukakamaa nusu saa nzima nikivipashia kwenye kikombe cha chai, na mimi sina ugonjwa. Mchora picha za ukutani anaweza kungoja siku njema. Mwenye ukurasa wa kila wiki hangoji, kwa sababu mtambo wa kuchapa haujui kwamba umeamka vibaya.

#5 | Soga za Donholm

Wino, kumbe ile chai huwa ni dawa? Nilidhani ni kisingizio cha kuchelewesha kazi ya watu.

#6 | Wino Mweusi

Lipa deni kwanza ndugu yangu, ndipo uulize habari za chai.

#7 | Binti Kariokor

Dada Wino, hoja yako ni nzito, ila ina tundu moja. Baada ya mwaka wa 1956 Ormes aliendelea kuchora: picha za ukutani, picha za watu, picha za vitu mezani. Baridi yabisi ilimzuia baadaye. Ukisema mkono ulimwondoa gazetini, lazima uonyeshe kwamba mwaka wa 1956 mkono ulikuwa tayari umeharibika kiasi cha kushindwa fremu moja kwa wiki, maana Patty-Jo ilikuwa fremu moja tu.

#8 | Mhasibu wa River Road

Mnapiga kelele kuhusu wapelelezi na viungo huku mkisahau kitabu cha hesabu. Courier lilikuwa miongoni mwa magazeti makubwa kabisa ya weusi nchini Marekani, likiuza zaidi ya nakala 350,000 kwa wiki mwishoni mwa miaka ya 1940, na lilikuwa na matoleo 14 ya miji mbalimbali. Magazeti ya aina hiyo yalifika hadi vijiji vya kusini kwa mikono ya wahudumu weusi wa mabehewa ya kulala, waliokuwa wakiyashusha vituoni hata pale ambapo wakubwa wa mji hawakuyataka. Mtandao huo ndio uliomfanya Ormes awe Ormes.

Sasa, katika miaka ya 1950 mauzo yalishuka sana, na mwaka wa 1966 Courier likanunuliwa na mwenye Chicago Defender, mshindani wake wa zamani. Gazeti linapoanza kukonda, hupunguza kwanza kurasa za burudani. Zile kurasa za katuni za rangi alimotokea Torchy hazikuwa za bei rahisi, na Torchy alikoma Septemba 1954, miaka miwili kabla ya Patty-Jo. Mimi naona mtu anayesukumwa polepole kuelekea mlangoni: kwanza anaondolewa rangi, kisha nafasi.

#9 | Mzawa wa Jericho

Mhasibu, hilo silikatai, ila haliipingi hoja yangu. Gazeti linalokonda ndilo linaloogopa zaidi wapelelezi, kwa sababu wanaotangaza biashara hukimbia haraka.

#10 | Mama Zawadi

Salamu kwenu. Nimesoma hadi hapa na hakuna aliyemtaja mwanasesere. Mwaka wa 1947 Ormes aliingia mkataba na kampuni ya Terri Lee ya Nebraska, wakatengeneza mwanasesere wa Patty-Jo: mweusi, nywele za kuchanwa na kusukwa, nguo nzuri za kubadilisha. Wakati huo mtoto mweusi dukani alikuta ama mzungu ama kikaragosi cha yaya mnene mwenye kitambaa kichwani. Mkataba ulikwisha Desemba 1949.

Nauliza kwa sababu nina duka dogo la vitu vya watoto huku Umoja. Hata leo, nikiagiza kutoka kwa wauzaji wa jumla, katoni inakuja na wanasesere wenye nywele za njano, na wale weusi ambao huwa wamo ni sura ile ile ya kizungu iliyopakwa rangi. Wateja wangu wenyewe hulalamika, kisha hununua wa njano kwa sababu mtoto analia. Kwa hiyo naelewa kwa nini biashara ile haikudumu zaidi ya miaka miwili hivi, na najiuliza kama kuipoteza kulimvunja moyo kuliko tunavyodhani.

#11 | Mwalimu wa Makadara

Mama Zawadi, swali zuri, lakini kumbuka kwamba baada ya mkataba huo kwisha alifanya kazi yake kubwa kuliko zote. Katika ukurasa wa Torchy wa 1950 hadi 1954 alichora pia mwanasesere wa karatasi aitwaye Torchy Togs: Torchy amesimama na nguo za ndani, kando yake kuna gauni, koti na kofia, kila nguo ikiwa na vile vishikizo vidogo vya karatasi vya kukunjwa mabegani ili ishike. Wasichana walikata kwa mkasi moja kwa moja kutoka gazetini. Hilo ni jibu la mtu aliyenyang'anywa plastiki akatumia karatasi, wala halionyeshi moyo uliovunjika.

Tena alikuwa mkusanyaji wa wanasesere hadi uzeeni, na katika miaka yake ya baadaye alikuwa miongoni mwa wajumbe wa kwanza wa bodi ya jumba la makumbusho la DuSable kule Chicago. Alikuwa na shughuli nyingi.

#12 | Kijana wa Kayole

Samahani wakubwa, mimi nina swali la upande mwingine. Je, jina la Jackie halikuwa mbinu ya kujificha? Nimesoma kwamba Dale Messick wa katuni ya Brenda Starr, iliyoanza 1940, aliitwa Dalia, akabadilisha jina ili wahariri wasijue ni mwanamke. Na Tarpé Mills, aliyeanzisha Miss Fury mwaka wa 1941, aliondoa jina lake la kwanza la June kwa sababu hiyo hiyo. Labda Ormes naye aliondoka siri ilipofichuka.

#13 | Binti Kariokor

Hapana, mdogo wangu. Jackie limetokana na Jackson, jina la baba yake, na Ormes ni la mumewe Earl. Watu wa Chicago walimjua kwa sura: aliandaa maonyesho ya mavazi ya kuchangia fedha, akihudhuria akiwa amevaa vizuri kuliko wanamitindo. Ukitazama sura ya Torchy na ya Ginger utaona zinamfanana yeye mwenyewe. Mtu anayejificha hachori uso wake kila wiki.

#14 | Mchambuzi wa Pangani

Kwa kuwa Ginger ametajwa, niseme lile ambalo wengi wanaogopa kusema. Kwa miaka 11 Ginger hakusema neno hata moja. Yeye husimama na viatu virefu na gauni la kubana, mdogo wake ndiye mwenye kusema yote. Wanaomtukuza Ormes kama mtetezi wa wanawake wanalifumbia macho hili. Inawezekana kufikia 1956 mtindo huo wa mrembo bubu ulikuwa umechosha wasomaji, hasa wakati weusi walikuwa wameanza kususia mabasi ya Montgomery kupinga ubaguzi, Desemba 1955, na wanawake halisi walikuwa barabarani wakitembea.

#15 | Wino Mweusi

Mchambuzi, umetazama gauni hukuutazama uso. Mara nyingi Ginger ameshtuka, ameziba mdomo, au ametupa macho pembeni kama mtu anayetumaini mgeni hajasikia. Kazi yake ni kutuonyesha jinsi maneno ya mtoto yanavyogonga. Kisanaa ni uamuzi mgumu, kwa maana ukimpa Ginger jibu, utani unakufa. Na uzuri wake nao una kazi: mwaka wa 1945 mwanamke mweusi kwenye magazeti ya wazungu alikuwa mpishi au kichekesho. Miezi michache kabla ya Ginger, Ormes alichora katuni fupi ya Candy katika Chicago Defender, kuhusu mtumishi wa nyumbani mwenye ulimi mkali, na hata huyo alimchora mrembo.

#16 | Mchambuzi wa Pangani

Umenijibu vizuri kuhusu uso. Kuhusu wasomaji kuchoka hujanijibu.

#17 | Mkutubi wa Parklands

Habari zenu. Ninapendekeza tumlinganishe na wenzake wa nchi nyingine, labda tutaona kitu. Tove Jansson wa Finland alianza kuchora katuni ya Moomin kwa gazeti la Evening News la London mwaka wa 1954, kwa mkataba wa miaka saba, siku sita kwa wiki. Mwishoni mwa muongo huo alikuwa amechoka kabisa, akamwachia ndugu yake Lars, akarudi kwenye uchoraji wa rangi na riwaya. Hakuna mpelelezi, hakuna gazeti linalokufa, ni uchovu wa kulishwa tarehe za mwisho. Kwa upande wa pili, Machiko Hasegawa wa Japani alianza Sazae-san mwaka wa 1946 na akaendelea hadi 1974, lakini yeye na dada yake walikuwa na kampuni yao ya uchapishaji. Na Ramona Fradon, aliyemchora Aquaman, shujaa wa baharini wa vitabu vya katuni, tangu 1951, aliacha katikati ya miaka ya 1960 ili amlee binti yake, kisha akarudi na kuchora kwa miaka mingi.

Mimi naegemea kwa Jansson. Hesabuni: kuanzia 1950 hadi 1954 Ormes alikuwa na katuni mbili kwa wiki pamoja na nguo za karatasi, na hakuwa na msaidizi kama wanaume wa mashirika makubwa ya kusambaza katuni.

#18 | Mhasibu wa River Road

Mkutubi umeniletea ushahidi bila kujua. Hasegawa alidumu kwa sababu mtambo ulikuwa wake. Mmiliki hafutwi kazi.

#19 | Chorachora wa Ngara

Naomba nizungumze kama mwanamke aliye katika kazi hii hapa Nairobi. Tunataja Juha Kalulu wa mzee Edward Gitau katika Taifa Leo, ambaye alichekesha watu kwa miongo mingi hadi babu na mjukuu wakawa wanamjua. Tunataja Gado na Maddo. Mwanamke wa katuni za siasa magazetini, mtu hulitaja jina la Celeste Wamiru wa People Daily kisha kimya kinaingia. Kipaji tunacho, sijawahi kuona darasa la sanaa hapa mjini ambalo wasichana ni wachache.

Yaliyonipata ni haya. Nilichora kitabu kizima cha hadithi cha darasa la nne kwa mchapishaji mmoja. Mhariri alinirudishia kurasa tatu kwa sababu mama katika picha alikuwa na nywele za kipilipili; alitaka zilegee kidogo "zipendeze". Nikabadilisha, kodi ya nyumba haingojei msimamo. Kitabu kilipotoka, jina la mwandishi lilikuwa juu, la mchapishaji chini, na langu halikuwepo. Nilipouliza niliambiwa picha ni mali ya kampuni. Sikuacha kazi siku hiyo wala mwezi huo. Niliacha kuchukua kazi za vitabu vya shule polepole, simu moja baada ya nyingine, na mtu akiniuliza leo ni lini niliacha, sina tarehe. Kwa hiyo mnaposaka sababu moja ya mwaka wa 1956, mimi nawatazama tu.

#20 | Soga za Donholm

Dada Chorachora, hapa hata mimi nimeacha mzaha. Kitabu hicho kingalipo madukani?

#21 | Chorachora wa Ngara

Kipo. Kimechapishwa tena.

#22 | Mama Zawadi

Pole, mwanangu. Nami nina la kuongeza ambalo ni la nyumbani zaidi. Jackie na Earl walipata mtoto mmoja tu, Jacqueline, akafa kwa uvimbe wa ubongo akiwa na miaka mitatu. Patty-Jo ni mtoto mwerevu asiyekua, aliyebaki na umri ule ule kwa miaka 11. Siwezi kuacha kufikiri kwamba kumchora kila wiki kulikuwa na uzito wake, na kwamba ipo siku mama anasema imetosha.

#23 | Mwalimu wa Makadara

Kwa heshima, mama, hapo tutembee polepole. Watoto wa katuni karibu wote hawakui, wawe wamechorwa na waliofiwa au wasiofiwa. Isitoshe, ukimweka Patty-Jo katika kaburi la mtoto unampunguzia makali: yule binti alikuwa akikejeli bajeti za kijeshi, shule za ubaguzi na uwindaji wa wakomunisti. Hizo ni kazi za mwanahabari aliyetumwa na gazeti lake.

#24 | Mama Zawadi

Sijasema makali yalitoka kwenye msiba, mwalimu. Nimesema uchovu.

#25 | Kijana wa Kayole

Swali la haraka: nani basi alimfuata? Kama aliacha 1956, mwanamke mweusi aliyefuata alikuja lini?

#26 | Mkutubi wa Parklands

Kwa magazeti makubwa ya Marekani, jina linalotajwa ni Barbara Brandon-Croft. Katuni yake ilianza katika Detroit Free Press mwaka wa 1989 na ikasambazwa nchi nzima kuanzia 1991. Hesabu pengo hilo mwenyewe. Kwangu mimi pengo hilo linampa nguvu Mhasibu kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu kama tatizo lingekuwa mkono, moyo au faili la mtu mmoja, wengine wangejaza nafasi yake mapema.

#27 | Mzawa wa Jericho

Nimewasoma wote na sijahama. Mchoro wa kwanza wa Torchy akisafiri kaskazini unanirudisha pale pale: amefika kwenye treni, kibao kinaelekeza weusi huku na wazungu kule, naye anajifanya hajui kusoma, anakwenda kuketi na wazungu. Serikali iliyomsoma mwanamke wa namna hiyo kwa miaka kumi haikuwa ikipoteza muda.

#28 | Binti Kariokor

Umesema miaka kumi, kaka, na umefunga mlango ukiwa nje. Ufuatiliaji ule uliendelea hadi 1958. Ikiwa lengo lao lilikuwa kumnyamazisha, walikuwa wakimfuata kwa sababu gani miaka miwili baada ya kunyamaza?

#29 | Mzawa wa Jericho

Kuhakikisha harudi.

#30 | Wino Mweusi

Au hawakuwahi kuzisoma katuni zenyewe, wakawa wanahesabu tu mikutano aliyohudhuria. Mhasibu, una namna ya kujua gazeti lilikuwa likimlipa kiasi gani kwa fremu moja mwaka wa 1954 na mwaka wa 1956? Hiyo ndiyo karatasi ambayo mimi ningeitafuta kabla ya kurasa zote 287.